Mkoba Uliotangulia

Simledanda, 20 Februari 2022

Mwanangu Ujeli,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa mkono wa mwalimu wa ngumbaru. Ukiona herufi zinapanda na kushuka usishangae, mwandishi ni mtu wa milimani. Sisi huku wazima. Nyati amezaa, lakini amezaa dume, hasara tupu. Upepo uliezua paa la choo na kulipeleka shambani kwa jirani, naye anataka tulifuate wenyewe. Mke wa Tek ana mimba ya tatu na anadai ndimu kila saa. Mwanangu Tek anagombea uenyekiti wa kata, kwa hiyo siku hizi anawasalimia hata mbwa.

Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani anaishika mkwe wangu, na nikiongea huiweka sauti ya juu mpaka kuku wanasikiliza. Hii nimempa dereva wa basi la Arughat. Jibu mpe yeye yule.

Sasa nisikilize. Nataka kwenda safari ya mlimani. Si kubeba. Kutembea, kama wageni wako wanavyotembea. Nasikia kazi yako huko ofisini ni kumkalisha mgeni kwenye kiti, kumwuliza maswali, kisha kumchagulia njia inayomfaa. Basi nimeshakaa kwenye kiti. Niulize. Nina miaka sitini na magoti mawili, moja zima. Gharama ni juu yangu.

Unajua nilibeba mizigo ya wageni miaka kumi na tisa, tangu mwaka ule walipoifungua njia yetu. Unajua na namlo ulivyo: mkanda unapita utosini, tenga linaning'inia mgongoni, shingo ndiyo inayosukuma. Aliyevaa namlo haoni mlima. Anaona visigino vya aliye mbele yake. Kipito cha Larke, kule juu njia inapovuka mlima, nimekivuka mara kumi na nne, na mtu akiniuliza Larke ikoje nitamweleza visigino vya marehemu baba yako, maana yeye ndiye aliyekuwa akitangulia. Cha kushoto kilikuwa na ufa.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama vya kutosha, na cha uvunguni wakachukua wengine. Sasa nataka cha juu.

Usimwambie Tek.

Shangazi yako,
Jasmati


Kathmandu, 14 Machi 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dizeli na alama ya kidole cha dereva, lakini imefika. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi sijambo, ila vumbi la hapa linanipa kikohozi. Chumba bado ni kile kile, juu ya fundi cherehani. Wageni wameanza kurudi baada ya ile miaka miwili ya ugonjwa, na ofisi imetupa viti vipya. Picha mliyopiga siku ya mwaka mpya, aliyonitumia Tek, nimeibandika mbele ya meza yangu. Nyote mnatazama kamera isipokuwa wewe, unatazama chini. Ulikuwa umeangusha nini?

Kuhusu ombi lako. Wageni huwa nawauliza maswali matatu: una siku ngapi, umewahi kulala mahali pa juu, na je, unataka watu au unataka ukimya. Halafu nawaonyesha picha. Kwa mtu wa umri wako ningeshauri Muktinath kwa gari. Ni hija, gari linafika karibu kabisa na hekalu, na mtu anarudi na baraka zake bila kuumiza goti. Wazee wengi wanapenda.

Kama ni lazima utembee, kuna kilima cha Poon, siku nne tu, watu huamka kutazama jua likichomoza. Kuna Langtang, bonde zuri, siku nane. Kuna kambi ya Annapurna. Kuna na Everest yenyewe, unaruka kwa ndege hadi Lukla ndipo unaanza kutembea. Larke siwezi kukushauri. Kipito ni zaidi ya mita elfu tano, na hata vijana hurudishwa.

Fikiria Muktinath, Shangazi. Viti vya gari ni laini.

Mwanao,
Ujeli


Simledanda, 2 Aprili 2022

Ujeli,

Marahaba. Kwa kikohozi chemsha tangawizi na pilipili manga, na uache kufagia kwa ufagio mkavu. Sisi wazima. Paa la choo limerudi. Tek ameahidi barabara kwa vijiji vitatu, na barabara yenyewe ni moja.

Nimesoma orodha yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mbuzi wakasikia. Sasa nikujibu.

Muktinath kwa gari: mtu akitaka kukaa kwenye kiti akaombe dua, kiti ninacho hapa. Kilima cha Poon: jua huchomoza Simledanda pia, tena bila foleni. Langtang: nilipelekwa huko mara moja na kuku ishirini na sita walio hai kwenye tenga, wakagombana mgongoni mwangu siku tisa. Jina la Langtang nikilisikia naanza kujikuna. Kambi ya Annapurna: nilibeba hema la choo pamoja na kiti chake, na kila tulipopumzika wenzangu waliniomba ruhusa ya kwenda haja. Everest kwa ndege: sipandi kitu ambacho mlango wake anaufunga mtu mwingine.

Larke, nilibeba meza. Meza ya kulia chakula, ya mbao, miguu inakunjwa. Nikaivusha kule juu kwenye theluji, wageni wakala juu yake, wakasema mandhari ni ya ajabu. Nilijua ni ya ajabu kwa sababu waliacha kutafuna.

Nimechagua Larke. Maswali yako matatu: siku ninazo zote, mahali pa juu nimelala mpaka nimechoka, na nataka ukimya. Masharti yangu nayo ni matatu. Nilale kwenye chumba chenye kitanda, si kwenye mabenchi ya wapagazi. Nile kwenye chumba cha jiko la kuni pamoja na wageni, si jikoni baada ya wote kushiba. Na niletewe ile karatasi ya vyakula nichague mwenyewe. Nimejifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minane. Sitakubali kufa bila kuitumia kazi hiyo.

Kuhusu picha, jua lilikuwa kali.

Jasmati


Kathmandu, 9 Juni 2022

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Hongera kwa ushindi wa Tek, nimesikia ni kwa kura thelathini na moja. Hongera pia kwa mjukuu, nimeambiwa ni msichana na ana nywele kama brashi. Kikohozi kimepona. Tangawizi ilifanya kazi.

Tek alikuja hapa ofisini wiki iliyopita, shingoni amevaa ile skafu ya pongezi. Dereva wako ameropoka. Tek hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha mgeni akaniambia kwamba wakati wa kampeni aliwaeleza watu kuwa mama yake hajawahi kumbebea mtu mzigo. Sasa mama huyo akionekana njia ya Larke na mkoba mgongoni, watasemaje? Alisema pia kwamba lama, kasisi wa kijiji, amefungua kitabu cha nyota. Wewe umezaliwa mwaka wa Simbamarara, na mwaka huu ni wa Simbamarara tena, kama kila baada ya miaka kumi na miwili. Mtu haanzi safari katika mwaka wake mwenyewe. Hayo hata mimi nayajua. Marehemu baba alikuwa haendi hata kusaga unga mwaka wake ulipofika.

Kaniambia nikukumbushe kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami, Shangazi, safari hii nakubaliana naye. Sitakupangia Larke. Nisingempangia mgeni wa umri wako asiye na mtu wa kumwongoza, na waongozaji wetu wote wameshachukuliwa hadi Novemba. Muktinath naweza kukupangia hata kesho.

Tafadhali usikasirike. Na kuhusu picha: nimeitazama tena. Jua lilikuwa nyuma yenu.

Ujeli


Simledanda, 25 Juni 2022

Ujeli, mwana wa kaka yangu,

Salamu nyingi kuliko ruba wa mwezi huu, na ruba mwezi huu wamejaa hadi kwenye chai. Tumeanza kupanda mpunga. Mtoto mzima, nywele zake kweli ni brashi.

Nimekasirika, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Kwanza, hilo guu. Mkuu hapa ni nani? Tek nilimzaa mimi. Siku aliyozaliwa nilikuwa na mzigo wa kuni, nikautua, nikamzaa, nikaubeba tena, na yeye juu yake.

Pili, huo mwaka. Tek nimemwambia, na lama wake akiwepo, kwamba safari yangu haikuanza mwaka huu. Ilianza mwaka uliotangulia, wa Ng'ombe. Tarehe 29 Desemba, siku ya mwisho kabla ya mwaka wetu kugeuka, nilikwenda kwa lama huyo huyo nikamwomba saa njema ya mwanamke kutoka nyumbani. Akafikiri naenda kwa dada yangu. Akanipa saa tatu na robo asubuhi. Saa tatu na robo nilitoka na mkoba wangu, ndani mna viatu vipya, nikaupeleka kwa Sunkesari, jirani yangu wa upande wa kisima. Uko kwake mpaka leo. Wewe ni wa kwetu, sina haja ya kukufundisha: mkoba ukitoka kwa saa njema ukalala kwa jirani, safari imeshaanza. Mwili utafuata. Sharti ni moja tu, mkoba usirudi nyumbani.

Lama alipoambiwa alikuna kichwa, akasema mkoba hushika saa kwa siku tatu tu. Nikamwomba anionyeshe kitabuni hizo siku tatu zimeandikwa wapi, sasa najua kusoma. Akafungua, akafunga, akasema kwa mtu mwenye magoti yangu safari inaweza kuchukua muda.

Kwa hiyo Tek akaamua kuurudisha mkoba mwenyewe. Alikwenda kwa Sunkesari asubuhi. Sunkesari ana miaka sabini na minane na uzito wa kuku wawili. Aliuburuta mkoba hadi mlangoni, akaukalia, akamwambia, "Mwenyekiti, niondoe kwa mikono yako, watu wanaona." Watu kweli walikuwa wanaona, maana alikuwa amewaita. Tek alisimama pale mpaka akaitwa kwenye mkutano.

Shida ni viatu. Haviwezi kurudi nyumbani, na mimi siwezi kwenda mlimani na viatu ambavyo havijazoea mguu. Kwa hiyo kila asubuhi nakwenda kwa Sunkesari, navivaa, nazunguka ua wake mara arobaini, mbuzi wake wakinifuata. Mtaa mzima unacheka. Wacheke, meno ni yao.

Tatu, wewe. Mwaka ule ulipomkataa Tek sijakukumbusha hata siku moja, leo nakukumbusha. Kwa desturi yetu mwana wa shangazi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwoa binti wa mjomba wake. Ukoo wote ulikuwa umekaa, pombe ya ulezi imeshamiminwa, baba yako kainamisha kichwa kwa aibu. Nani alisimama? Nani alisema, msichana amesema hapana na hapana yake imesikika? Mama wa bwana harusi. Tek alininunia mwaka mzima. Nilipika, akala kwa kununa.

Umesema sina mtu wa kuniongoza. Ninaye. Utaniongoza wewe.

Shangazi yako, ambaye karibu awe mkwe wako,
Jasmati


Kathmandu, 30 Agosti 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barabara ilifungwa na maporomoko, barua yako ilikaa Arughat wiki tatu. Lakini hata ilipofika niliiweka chini ya kitabu cha wageni na sikuigusa mwezi mzima. Nakuambia hivyo kwa kuwa nimechoka kutafuta sababu za kistaarabu.

Mimi sijawahi kwenda, Shangazi. Kokote. Njia ishirini na mbili ninazouza, sijatembea hata moja. Najua Dharamsala, kituo cha mwisho kabla ya kipito, iko juu mita ngapi, najua nyumba ipi ya Samagaun ina maji ya moto, nawaambia wageni wavae soksi mbili siku ya kipito. Yote nimeyasikia kwa waongozaji wanaporudi kuchukua mishahara. Mgeni mmoja aliniuliza mwaka huu, wewe mwenyewe ulipenda wapi zaidi? Nikamjibu Lho, asubuhi, mlima ukiwa mweupe juu ya paa la monasteri. Nilikuwa nimeisoma nyuma ya kadi ya posta.

Marehemu baba alinikataza. Siku aliyonipeleka shule ya bweni alisema mguu wangu usikanyage njia ya mizigo, yeye ameikanyaga kwa niaba ya wote. Nilipokua nikaona ni heshima. Sasa sijui tena kama ni heshima au ni woga. Naogopa, Shangazi. Naogopa ile njia tangu utoto, jinsi mlivyokuwa mkirudi na midomo iliyopasuka, hamsemi neno.

Nimeomba likizo. Bosi alicheka, kisha akanipa. Tukutane Soti Khola, njia inapoanzia, siku tatu baada ya sikukuu ya Dashain. Vyumba nimeshaagiza, vyenye vitanda. Umenikumbusha siku ile, basi: nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na niliisikia sauti yako. Sijawahi kukushukuru kwa sababu kila nilipotaka kushukuru Tek alikuwa amekaa karibu.

Swali la picha bado hujanijibu.

Ujeli


Kathmandu, 28 Oktoba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umefika nyumbani na magoti yako. Nimepiga simu, mke wa Tek akasema umefika salama, umelala, halafu nikamsikia kuku. Tek mwenyewe nimemwuliza kama ulivuka, akajibu, "Muulize aliyekwenda." Basi nakuuliza, ingawa nina hasira na wewe.

Kwanza niseme mazuri. Sitasahau kituo cha polisi cha Jagat, yule askari alipokuambia wenyeji hawaandikwi kwenye daftari, wanaoandikwa ni wageni tu, na wapagazi huhesabiwa kwa idadi. Ukavuta benchi ukakaa mpaka akakuandika. Kwenye kazi ulimwambia aandike mgeni. Wala sitasahau Namrung, mwenye nyumba alipokutambua akafungua mlango wa jikoni, akasema kwa furaha kabisa, karibu dada, wenzako wako huku. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukamwambia, "Leo mimi ni mgeni wako, Bwana. Niletee karatasi ya vyakula." Uliisoma yote kwa kidole, watu wakikungoja. Ukaagiza keki ya tofaa, ukaila mpaka mwisho uso umekunjamana, ukasema wazungu wanastahili kuhurumiwa.

Na Lho. Niliamka nikakukuta umelala chali juu ya ukuta wa mawe, peke yako kwenye baridi. Ulisema unanyoosha mgongo. Sikuuliza zaidi.

Sasa hasira. Pale Samdo nilipoanguka, nikatapika mbele ya wale yaki, ng'ombe wa manyoya, kichwa kikitaka kupasuka, mama mwenye nyumba akasema ni ugonjwa wa mahali pa juu, huyu ashuke leo leo, wewe ulinitazama tu. Mimi ndiye niliyekuambia nenda, utavuka kesho na wale wanaoondoka leo. Nilisema kwa mdomo. Moyoni nilitaka ukatae. Hukukataa hata kidogo, Shangazi. Ulimwamuru mwanamke yule anishushe mwenyewe hadi Samagaun asiniache, ukanivalisha shali yako, kisha ukainama ukafunga kamba za viatu. Njia nzima ya kushuka nililia. Kabla ya saa tatu kupita nilishakuwa mzima, nikaendelea kulia tu.

Hivi mlima ulikuwa na thamani kuliko mimi? Nakuuliza kama mtoto, najua. Nijibu kama mtu mzima.

Ujeli

Nimesahau glavu zangu za sufu kwenye mkoba wako.


Simledanda, 6 Novemba 2022

Mwanangu Ujeli,

Marahaba. Tumevuna mpunga, si haba. Mtoto ameota jino. Magoti yangu yote mawili sasa ni mabovu, angalau yamekuwa sawa.

Umeuliza kama mlima una thamani kuliko wewe. Hapana. Lakini ningeshuka nawe ningekuchukia, Ujeli, na ningekuchukia taratibu, kwa tabasamu, mpaka nife, kama wanawake wengi hapa wanavyowachukia watoto waliowarudisha nyuma. Nilimwona yule mama wa Samdo, nikajua atakushika vizuri kuliko mimi. Ulisema nenda. Hapana yako niliiheshimu mbele ya ukoo mzima. Na nenda yako nayo niliiheshimu. Kama ilikuwa ya uongo, usiniambie tena maneno ya uongo mahali pa juu. Nililia na mimi. Nililia kuanzia Samdo hadi Dharamsala, machozi yakaganda, yakaniuma.

Sasa picha. Sikuangusha kitu, na jua halikuwa kali. Shingo yangu hainyanyuki. Ilianza kugoma mwaka wa kumi wa namlo, nikafikiri ni uchovu. Nilipoacha kubeba nikangoja ifunguke. Haikufunguka. Nikisimama naona kifua cha mtu, nikijitahidi sana naona kidevu. Tek hajui, anadhani nina heshima. Sikukuambia kwa sababu ungenipeleka Muktinath kwa gari, na usingekosea: ni nani anayempeleka mlimani mtu asiyeweza kutazama juu?

Kule Lho nililala ukutani nijaribu. Niliuona mlima Pungyen mzima, kutoka miguuni hadi kileleni, kabla hujaja kuniuliza kama nina baridi. Ule wa kadi yako ya posta. Nikajua basi inawezekana.

Siku ya kipito tulitoka alfajiri, mimi, mwongozaji mmoja mtulivu na wageni wake wanne. Upepo ulikuwa mkali. Nilitembea kama siku zote, nikitazama visigino, safari hii vya Mjerumani mmoja, viatu vya bei kubwa. Mbele ya visigino vile nilikuwa nikiviona vya baba yako, chenye ufa na kisicho na ufa. Nilimwambia, kaka, leo sina mzigo. Nilikuwa nakunywa pumzi kijiko kijiko. Tulipofika kwenye zile bendera za dua wageni wakakumbatiana, wakapiga picha. Hakuna anayebeba meza siku hizi.

Nikasogea kando, upande unaoteremka kwenda Bimthang. Nikatafuta mahali penye theluji ngumu, nikaweka mkoba chini, ule ule, nikalala chali, kichwa juu ya mkoba, miguu bondeni. Milima yote ikaingia machoni kwa mara moja. Himlung, Cheo, na kule mbali Annapurna, na mingine ambayo hata baba yako hakunitajia majina kwa sababu naye hakuiona. Mara kumi na nne nimepita pale, mwanangu. Mara kumi na nne ilikuwa imesimama pale pale, na mimi nikihesabu visigino. Nilikasirika. Sikufikiri nitakasirika, nilifikiri nitafurahi. Nilikasirika kwanza, sana, halafu ndipo furaha ikaja, nayo ikawa kubwa kuliko hasira.

Yule mwongozaji mtulivu akaniona nimelala. Akaja mbio, akapiga magoti, uso wake ukajaa mbele yangu, mkononi simu ya kuitia helikopta. "Mama! Mama, unanisikia?"

Nikamwambia, "Nakusikia, mwanangu. Sogea kidogo, umenizibia mlima."

Akasogea.

Tek alikuwa Dharapani, njia inapokutana na barabara, na gari la kukodi, amengoja siku tatu. Nilijua viatu vyake kabla sijamjua. Alikuwa ameandaa maneno, niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Nikamweleza habari ya shingo, palepale barabarani, mbele ya wapagazi waliokuwa wakinywa chai. Nikamwambia sasa waeleze watu wako kwamba mama yako alibeba. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya wangu, akanitazama hivyo kwa muda mrefu. Kisha akauchukua mkoba, akauvaa mgongoni, akaubeba hadi kwenye gari, wapagazi wakimwangalia mwenyekiti wa kata. Nikamwacha abebe.

Glavu zako nimezikuta. Nimekwenda kwa lama kuomba saa njema. Aliponiona tu alitaka kufunga mlango, lakini akanipa: jana, saa mbili na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu nimezipeleka kwa Sunkesari. Zimekaa kwenye kona ile ile, ameshazikalia mara moja kwa kujaribu. Haziwezi kurudi kwako mpaka zivuke Larke, kwa hiyo usipoteze nauli kuzifuata. Safari yako imeshaanza, mwanangu. Nunua viatu mapema.

Shangazi yako,
Jasmati